Usirushe kwa Bega

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na ukishazipokea kaa chini kwanza, maana barua hii si ya kusomwa umesimama mlangoni. Shemeji hajambo? Watoto je? Yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole? Na mama mkwe wako, bado hasikii akiitwa kazini na anasikia akiitwa chakula? Wasalimie wote mmoja mmoja, hata kuku.

Mimi ni mzima, ila si mzima wote. Najua kila nilipokuandikia nilisema sina neno, nadunda. Nilikudanganya, Dada. Bega langu la kulia limekufa tangu mwaka jana. Tulikuwa tunapakia nguzo za chuma kwenye lori, fungu moja likateleza, nami kwa ujinga wangu nikalizuia kwa mkono badala ya kuruka pembeni. Nilisikia kitu ndani kikikatika kama uzi wa nguo. Sikumwambia mtu, kwa sababu hapa mpakiaji asiyeweza kunyanyua hapewi kiti, anapewa nauli. Na mimi nikirudi nyumbani na mkono ulioning'inia, nitamlisha nani, na atakayenilisha ni nani kama si wewe tena, uliyenilisha tangu Mama alipotutoka?

Basi nikawa mtu wa kujificha. Mlango naufungua kwa kushoto. Shati naanza kuvaa upande mbovu. Nguzo nazibeba kwa paja na kiuno, uso nimeukaza kama mtu anayefikiria mambo makubwa. Na mtu anayejificha, Dada, humwona kila mwenzake kuwa mpelelezi.

Sikuwahi kukueleza tunatengeneza nini kwenye karakana hii, kwa kuwa nilijua utacheka. Tunatengeneza vikapu, lakini si vya kubebea viazi. Ni kikapu cha chuma juu ya nguzo, na juu yake imening'inia minyororo pande zote kama shela ya bibi harusi. Kuna watu wanaotembea bustanini wakirusha visahani vya plastiki, mwisho wa safari kisahani kinatakiwa kigonge ile minyororo kidondoke kikapuni. Ndiyo mchezo wao. Watu wazima kabisa, wenye ndevu. Mimi pia nilicheka.

Kabla kikapu hakijatoka, lazima kijaribiwe. Minyororo ikilegea, kisahani kinapita katikati kama mwizi. Ikikazwa sana, kinatemwa nje. Mwenye kazi hiyo tulimwita Mjaribu, mtu mwembamba, mwenye masharubu ya mvi, asiye na maneno mengi. Rafiki yake alikuwa mmoja tu, fundi mpaka rangi wa vikapu, mnene na mwenye kicheko cha kushtua watu. Walikuwa wakinywa chai kutoka chupa moja, kila siku, wamekaa juu ya makopo ya rangi.

Siku moja wakati wa mapumziko Mjaribu aliniita mimi. Si wachomeleaji wenye mikono yao mizuri, ni mimi mpakiaji, ambaye hatukuwahi kuzungumza zaidi ya habari za asubuhi. Akanipa kisahani, akasema mdogo wangu, hebu jaribu. Hapo hapo nikajiuliza, huyu anataka nini? Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba cha bure kina mkia mrefu.

Alinisimamisha karibu na kikapu mno, ningeweza kukiweka kisahani kwa mkono kama sahani mezani. Nikaona ananitukana. Akasema anayeanza huanzia pale ambapo hawezi kukosa, akizoea kupata ndipo anarudi nyuma hatua moja. Akasema nisikitazame kikapu chote, nichague pete moja tu ya mnyororo, niikodolee macho hiyo hiyo. Nikavuta nguvu zangu zote na kurusha, ili aone kwamba mkono ni mzima. Kisahani kiligonga minyororo, kikaruka nje na kubingirika mpaka chini ya mashine ya kukatia. Bega likawaka moto nikajidai nakohoa.

Mjaribu akasema taratibu kwamba natumia bega mno.

Dada, hilo neno bega lilinimwagikia kama maji ya moto. Kwa nini bega? Mtu ana viungo vingapi mwilini, mpaka yeye ataje hicho?

Kesho yake akaniita tena, na keshokutwa. Alinionyesha kushika kisahani kikiwa kimelala sawasawa, kidole gumba juu, vingine chini, kwa kuwa kikiinua pua upepo unakichukua. Uzito nianze nao kwenye mguu wa nyuma, niulete mbele polepole kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto aliyelala, mkono utafuata wenyewe. Mwisho vidole vifunguke kuelekea ile pete, kama unampa mtu mkono wa salamu. Na kila mara lazima aongeze: miguu, mdogo wangu, usirushe kwa bega.

Nami kila akisema hivyo, narusha kwa bega. Ningefanyaje? Nikimtii, nitakuwa nimekiri. Nilikuwa nimegundua kwamba nikirusha hakitazami kisahani, ananitazama mimi. Visahani vikawa vinaruka huku na huku, wachomeleaji wanaacha chakula kuja kuniangalia. Mmoja akauliza kikapu kimenikosea nini. Mwingine akasema jamani mleteeni kofia ya chuma yule anayepita. Eti mimi ndiye mtu pekee duniani anayeweza kusimama kisimani na kukosa maji.

Kisha nikapata ushahidi. Ofisi ya msimamizi ina dirisha la kioo linalotazama uwanja wa kupakilia. Nilimwona Mjaribu ameingia, mlango umefungwa. Sikusikia neno, ila niliona. Aliinua mkono akashika bega lake la kulia. Msimamizi akatikisa kichwa. Akalishika tena. Msimamizi akageuka, akatazama nje, moja kwa moja mpaka kwangu. Nikainua nguzo haraka, peke yangu, nguzo ya kubebwa na watu wawili. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema. Huyu ananifundisha ili apate cha kupeleka ofisini.

Jambo nililolifanya baada ya hapo nitakueleza mbele, leo sitalificha. Kwanza nimalize habari ya mkono.

Karakana nzima ikamgeukia Mjaribu ghafla. Wakampa jina la Redio. Akipita yeye, mtu anabana pua na kutangaza kwamba sasa ni saa ya taarifa ya habari kutoka ofisini. Akija kukaa, sahani zinahama. Visahani vyake vilikutwa ndani ya ndoo ya grisi. Hata ile chai ya kwenye makopo ya rangi ikakoma, yeye akawa anakunywa yake ukutani na mpaka rangi yake mlangoni, wamepeana migongo. Lakini kuniita hakuacha. Aliwahi kuvisafisha visahani kwa shati lake mwenyewe, kisha akanipa kimoja. Hilo nalo likanitia shaka zaidi. Mtu anatemewa mate na kila mtu, bado anakuja kufundisha? Huyo lazima analipwa.

Ikafika siku ambayo tulipakia asubuhi nzima bila kupumua, na mchana mkono ukakataa kuinuka. Ulikuwa umening'inia tu kama mkono wa koti. Mjaribu akaniwekea kisahani kiganjani. Sikuwa na bega la kuringia tena, nilikuwa na miguu basi. Nikachagua pete moja. Nikauleta uzito mbele. Mkono ukainuka kidogo tu, vidole vikafunguka vyenyewe. Minyororo ikalia kwa upole na kisahani kikadondoka kikapuni kama tunda.

Nikarusha kingine, kikaingia. Nikarudi nyuma hatua, kikaingia. Dada, nilifurahi, na nilipofurahi nikaogopa. Mjaribu hakunisifu. Alisema hivyo, basi, akaenda zake. Nikajua amekwisha kuona kila kitu.

Haikupita muda nikaitwa ofisini. Nilikwenda nimekwisha kufunga nguo zangu moyoni. Msimamizi aliniambia nikae, nikakataa kukaa. Akasema ameambiwa muda mrefu kwamba bega langu ni bovu. Nikamwambia ni uongo wa watu, mheshimiwa, mimi naweza kuinua hata hili kabati lako la mafaili, na nikalikumbatia kweli. Lilipoanza kuyumba akapiga kelele niliache kabati lake.

Ndipo aliponieleza. Mjaribu anaondoka, anarudi kwao. Siku ile aliyokuja kumweleza habari za bega langu, yeye msimamizi alitaka kunipa nauli siku hiyo hiyo. Mjaribu akakataa. Alisema nikiondolewa mimi, nani atashika nafasi yake? Wachomeleaji wana nguvu, na mwenye nguvu huharibu kazi ya kujaribu. Anarusha kwa kishindo, kikapu kizima kinatema, anasema kibovu, kinarudishwa kukatwa bure. Vikapu vinajaribiwa kwa mkono mpole, kama wanavyorusha wanunuzi. Yeye mwenyewe bega lake la kulia lilikufa zamani kwenye kazi ya kupakia, ndiyo maana alinijua siku ya kwanza aliponiona navaa koti. Akaomba aachiwe muda anifundishe. Na aliomba nisiambiwe, kwa sababu mtu akijua anafanyiwa mtihani hukaza mwili.

Kwa hiyo nilikuwa nimekisia sawasawa, Dada. Alikuwa akinitazama mimi, alikuwa akipeleka habari zangu ofisini, na habari zenyewe zilikuwa za bega. Vyote nilivipata isipokuwa moyo wake.

Nilijaribishwa mbele ya msimamizi, nikarusha kwa miguu, minyororo ikapokea. Sasa mimi ndiye Mjaribu. Sinyanyui tena nguzo. Nafasi ni yangu na bega langu linajulikana na kila mtu.

Sasa lile nililoliruka.

Jina la Redio nililitoa mimi. Baada ya kumwona dirishani, niliwakuta wapakiaji wenzangu bombani wakinawa mikono, nikawaambia wachunge midomo, kwamba wanalosema pale linafika ofisini kabla maji hayajakauka mikononi. Nikamtaja. Nikasema yule ni redio yenye miguu. Walicheka, nami nilicheka nao, na kuanzia hapo sikuhitaji kuongeza neno. Hata ile ndoo ya grisi niliiona ikiandaliwa nikatazama pembeni.

Siku ya kuondoka kwake hakuna aliyemsindikiza. Nilimfuata getini, nikamnyang'anya begi lake nikalibeba kwa mkono wa kushoto. Tulipita mbele ya duka la matairi. Karibu na kituo cha basi nikamwambia. Sikuzungusha, nilisema jina lile lilitoka kinywani mwangu, kwa sababu nilidhani ananichongea ofisini.

Alisimama. Nilitegemea anipige au anisamehe, nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Akauliza tu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba kumbe hakuwa mpaka rangi?

Sikumwelewa. Akasema mtu pekee aliyejua kwamba anaingia ofisini kuzungumzia mwenzake alikuwa mpaka rangi, alimwambia wakiwa wanakunywa chai. Kwa hiyo lilipozuka jina la Redio, alijua limetoka kwake. Hakumuuliza. Aliichukua chupa yake akahama. Mpaka rangi alimfuata, akamsihi amwambie kosa lake, na yeye alimpa mgongo. Hata asubuhi ile mpaka rangi alisimama mlangoni kumuaga, naye alipita kama anapita nguzo.

Basi lilikuwa limekwisha kufika. Alichukua begi lake mkononi mwangu, akaniambia rudi ukamwambie. Sikumwona akigeuka dirishani.

Nilirudi mbio. Mpaka rangi alikuwa amepiga magoti anapaka miguu ya kikapu kipya. Nilimweleza yote, la bombani na la kituoni. Alisikiliza bila kuniangalia. Kisha akatupa brashi chini, yeye anayegombana na watu wakiacha brashi chini, akatoka nje mbio na unene wake, aproni ikimpiga magotini. Nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya duka la matairi.

Alirudi akitembea, peke yake. Aliokota brashi, akaifuta mchanga, akaendelea na mguu aliouacha katikati.

Tangu siku hiyo vikapu vyake vinanifikia vikiwa vimepakwa vizuri kuliko zamani. Anavileta mwenyewe, anavisimamisha mbele yangu, anaondoka. Namsalimu kila asubuhi. Haitiki. Kicheko chake hatujakisikia tena karakana nzima, na wenzangu wananiuliza mimi amepatwa na nini.

Dada, mwambie shemeji ile kazi ya matofali tuliyopanga kuifanya pamoja nikirudi atafute mkono mwingine, wangu asiuhesabu. Usilie kwa ajili ya bega, haliumi sana sasa kwa kuwa halitumwi. Mtoto akinikosea akiniita mjomba wa kushoto, mwache aniite. Nikumbukeni katika dua zenu, na mumweke humo mtu mmoja mwembamba mwenye masharubu ya mvi, na mwingine mnene, ingawa majina yao hamtayajua.

Kwa leo kalamu naiweka chini, nayo naishika kwa kushoto, ndiyo maana mwandiko umelala.

Ni mimi mdogo wako,
wa mkono mmoja na nusu.