Hoteli Niliyoichagua Peke Yangu

Iyunga, Mbeya
Alhamisi, saa tisa alasiri

Mama Lusajo,

Huu ni mwezi wa tano tangu tukulaze pale juu kilimani, nyuma ya kanisa, na sijakuandikia hata mara moja. Miaka yote niliwafundisha watoto kwamba barua lazima iwe na mtu wa kuipokea, bila hivyo ni karatasi tu iliyochafuliwa kwa wino. Leo naandika hivyo hivyo. Neno nililo nalo lilikuwa la kupitia kwako, na hakuna mwingine wa kulipitisha.

Tusekile, mke wa mwanetu, amerudi kwao Tukuyu. Amemwacha Lusajo Iringa peke yake. Mimba ina miezi minane na hataki kusikia habari ya kurudi. Jumamosi baba yake ataleta ng'ombe hapa kwangu, wa kusafisha aibu ya binti yake. Na aibu hiyo, mke wangu, si ya binti yake.

Unanijua, siwezi kufika mwisho wa jambo bila kuanzia mwanzo. Ulikuwa ukinikatiza: "Mwalimu, mimi si darasa la nne. Niambie tu nani kafa." Nivumilie leo.

Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani. Akisikia nakuja huingia migombani mpaka nipite. Mimi nikijua yuko uani hukohoa kwanza. Nimeisoma Biblia miaka mingi, sijaona mahali palipoamuru jambo hili wala palipolikataza, na mchungaji alituambia kila nyumba ijiamulie. Tuliamua kuifuata mila kwa sababu Tusekile alilelewa hivyo, na ukimwondolea mtu heshima aliyolelewa nayo ni lazima uwe na nyingine ya kumpa. Kwa hiyo miaka mitatu tangu harusi sikuujua uso wake. Nilimjua kwa mchuzi wake, kwa kikohozi chake nyuma ya ukuta walipokuja likizo, na kwa maneno uliyoyabeba. "Mkweo anasema umekonda." Nami: "Mwambie ndizi zake zilikuwa tamu." Ukaenda, ukarudi, ukaenda tena. Sikuwahi kufikiri kwamba ile ilikuwa kazi.

Na ndiyo maana tuliingia kwenye mambo ya hoteli. Watu wa kanisani walianza kutaka kula mjini siku zao za maana, posa, kipaimara, mtoto kurudi kutoka masomoni, na kila mmoja alikuwa na mkwe asiyepaswa kuonana na fulani. Wakaja kwetu: "Mwalimu, niwapeleke wapi?" Mimi na daftari langu. Wali, alama. Mchuzi, alama. Maji ya kunawa, vikombe, milango mingapi, na je, mwanamke anakaribishwa mezani au anapewa sahani yake uani karibu na kuni. Nilijiona mtu mkubwa. Lakini wewe ulikuwa unakaa. Ulikaa kwenye kiti cha mkamwana, ukaniamuru nikae cha mkwe, ukainama, ukanyoosha shingo, ukasema, "Nakiona kiatu chako. Hapafai." Yule Mwarabu wa karibu na soko alituuliza siku ile, "Mwalimu, mkeo amekuja kula biriani au kununua nyumba?" Ukamjibu kwamba biriani yake nzuri, ila mwanamke hawezi kuila huku ameziba macho. Wiki iliyofuata alikuwa amehamisha meza.

Sasa nieleze yaliyotokea.

Baada ya matanga nilibaki hapa na viazi vya kuchemsha. Wanawake wa kanisa waliniletea chakula mwezi mmoja, kisha kila mtu akarudi kwenye mambo yake, ni haki yao. Lusajo akaja, akafunua sufuria, akasema, "Baba, utakufa kwa viazi hivi. Njoo Iringa." Nikamwuliza nitaishije katika nyumba ya serikali yenye vyumba viwili na mkewe asiyepaswa kuniona, na wewe hupo tena wa kupita katikati. Alikuwa amelifikiria. Angeziba baraza kwa mbao, liwe chumba changu, na mlango wake uangalie barabarani. Ila Tusekile alikuwa na hofu. Akasema, "Tule kwanza pamoja hotelini siku moja, kila mtu upande wake, aone kwamba inawezekana. Chagua wewe, Baba. Hoteli ni kazi yako."

Ni kazi yako! Nilipanda basi la kwenda Iringa kama kijana anayekwenda kuoa.

Nilitembea siku mbili nikikagua. Ya kwanza karibu na stendi: kuku wa kukaanga mzuri sana, lakini mlango mmoja, na chai inanuka moshi. Nne kati ya kumi. Ya pili ya Mhindi, juu mtelemkoni: meza safi zenye kitambaa cha plastiki, sambusa za moto za viazi, na nyama hawaijui. Mkamwana wetu angedhani amealikwa kwenye mfungo. Sita. Ya tatu ya Mzee Salehe, mtu wa asili ya pwani, baba yake alifika Iringa na misafara ya zamani. Vyumba viwili, pazia zito katikati, mlango wa nyuma unaotokea uani penye bomba. Pilau yake punje haigusani na mwenzake, na mdalasini unaunusa kabla ya kuuonja. Nilisimama pale mlangoni, nikaonja kijiko kimoja kimoja, nikiandika. Mzee Salehe akanitazama wee, mwisho akasema, "Mwalimu, kaa basi! Au makalio umeyasahau Mbeya?" Nilicheka. Sikukaa.

Daftari liko wazi mbele yangu sasa hivi. Mwandiko ni wangu: "Kioo kikubwa ukutani chumba cha mbele, kinameta, chumba kinaonekana kipana. Nimeongeza alama moja." Ikafika tisa. Niliongeza alama moja, Mama Lusajo. Kwa kioo.

Jumapili baada ya ibada tukaenda. Tusekile na mke wa jirani yao wakaingia kwa nyuma, mimi na Lusajo kwa mbele. Nilichagua kiti cha kuelekeza mgongo kwenye pazia, kama inavyompasa baba mkwe mwenye adabu. Na kwa kuelekeza mgongo kwenye pazia nikawa nimekielekea kioo. Hata hapo sikutambua, maana pazia lilikuwa limefungwa na kwenye kioo niliona pazia tu. Mzee Salehe akaja na sinia mikono yote miwili, akalisukuma pazia kwa bega, likanasa kwenye msumari. Akaweka sinia, akaanza kutusimulia habari ya mchele wa Usangu. Pazia likabaki wazi.

Nikamwona.

Alikuwa ameshika paja la kuku, anamcheka mwenzake kwa kitu alichosema, tumbo limegusa meza. Ana mwanya. Hukuniambia kwamba ana mwanya. Ana shingo ndefu, na akicheka hufumba jicho moja zaidi kuliko lingine. Kisha akainua uso, akaangalia mbele, macho yetu yakakutana mle kiooni. Nilisikia sahani ya bati ikianguka. Akajifunika kanga uso mzima, akajigonga kwenye mlango wa nyuma akitoka, na mke wa jirani nyuma yake anaita, "Mama, taratibu, utaanguka! Mama!"

Lusajo akaruka kulifunga pazia. Akaniuliza, "Baba, imekuwaje?"

Nikasema, "Ameniona."

Hilo tu ndilo nililolisema. Si uongo. Nilikuwa mwalimu, najua uongo ukoje. Lakini nilijua pia kwamba kwa watu wetu, mwanamke akimtazama baba mkwe, kosa ni la mwanamke. Nililijua hilo kinywa kikiwa wazi, na bado nikalisema.

Mengine yamekwenda yenyewe. Kesho yake asubuhi Tusekile alipanda lori la kurudi kwao na mimba ile, barabara ile. Ndugu yangu Asajile akaitisha wazee wa ukoo. Unamjua alivyo. "Hawa wasichana wa shule ndio hao, macho hayana pa kukaa." Wakaamua kwa baba yake Tusekile kutoke ng'ombe. Mama yake anamwambia mtoto anaweza kuzaliwa vibaya kwa sababu ya jambo hili, naye anaamini. Hali chakula vizuri. Usiku halali. Lusajo aliomba ruhusa kazini, akaenda kumfuata, wakamzuia getini mpaka ng'ombe atolewe. Ameniandikia mistari miwili: "Baba, Mama angekuwepo hili lisingetokea. Tafadhali usije Iringa kwa sasa."

Wala hakukosea. Wewe ungekaa kwenye kile kiti.

Tangu hapo sijui nifanye nini na nafsi yangu. Nimezunguka hoteli zote za Mbeya tulizozijua, naagiza, naangalia sahani, natoka. Kiongozi wa kwaya alikuja juzi kuuliza awapeleke wapi wakwe zake, nikamwambia sijui hoteli. Akadhani natania. Natembea chumbani huku nikizungumza na wewe kwa sauti mpaka jirani akabisha kuuliza kama nina mgeni. Najiuliza mtoto yule akizaliwa na kilema, au mama yake akifa kwa uchungu kwa sababu mwili umejaa hofu na tumbo halina chakula, nitamweleza nini Mungu? Kwamba nilikosea kukagua hoteli?

Maana sijakwambia lenyewe bado. Nazunguka, unaona ninavyozunguka.

Sikugeuza macho.

Pazia liliponasa nilikuwa na muda wa kutosha. Ningeweza kumwangalia Lusajo, kuangalia pilau, kuinama nifunge kamba ya kiatu. Yeye alikuwa anakula, hajui kitu. Mimi ndiye niliyejua, na mimi ndiye niliyeendelea kutazama. Ungeweza kusoma Baba Yetu mpaka mkate wetu wa kila siku, bado natazama. Usinifikirie vibaya. Hapakuwa na uchafu ndani yake, nakuapia kwa kaburi lako. Ila tangu ulipokwenda sijaona mtu wa nyumbani kwangu akila na kucheka. Lusajo hacheki mbele yangu, anaona aibu kucheka wakati nimefiwa. Nikamwona binti yule amefurahi, na mle tumboni mjukuu wetu, na nikataka kuona kidogo zaidi. Kidogo tu. Kama alisikia kitu kikimvuta mpaka akainua uso, kilichomvuta ni macho yangu.

Nimewafundisha watoto wa watu kukiri makosa mbele ya darasa. Niliwachapa walioficha. Na mimi nimeketi wiki tatu, mzee mwenye mvi, nikisubiri kupokea ng'ombe kwa kosa nililolifanya mwenyewe. Asajile amekwishaniambia nitayarishe kamba.

Nilikuwa naomba usiku na mchana upatikane mtu wa kunipelekea neno kwa Tusekile. Mama mmoja wa kanisa nilitaka kumtuma, nikaona atalipunguza neno njiani kwa kunihurumia. Lusajo hawezi, hawamruhusu kuingia. Nikabaki nasema, angekuwepo Mama Lusajo angepita. Asubuhi ya leo ndipo nilipoona kwamba nimekuwa nikitafuta tena mtu wa kujificha nyuma yake. Neno hili hata ungekuwa hai ningepaswa kulibeba mwenyewe.

Kwa hiyo nimeamua. Barua ya Lusajo nimeiandika kabla ya hii na nimekwishaitia posta, yote yamo, pamoja na lile neno langu moja na jinsi nilivyolitumia. Sijui kama atanijibu. Asajile nimempitia nyumbani, aliponisikia alisema, "Kaka, huzuni imekupiga kichwani, usijivue nguo mbele ya wakwe." Nikamwambia nimekwishazivua, mbele ya kioo. Hakucheka.

Kesho saa moja kuna lori la kwenda Tukuyu. Nimezungumza na dereva, atanishusha njia panda ya kwao. Sijui watanipokeaje. Baba yake anaweza kunifukuza, na atakuwa na haki. Huenda mimi ndiye nitakayetoa ng'ombe, na nitamtoa. Huenda nyumba ya Iringa isinifungukie tena mpaka nife, na viazi hivi ndivyo vyangu. Nimeviangalia usoni, nimekubali. Kuhusu mtoto sijakubali. Kwa ajili ya mtoto bado naomba kama mtu anayezama, na kama wewe huko uliko unaruhusiwa kumsogelea Mungu hata hatua moja, msogelee, mke wangu, usiogope mtu.

Pumzika. Sitakuahidi kwamba Tusekile atarudi kwa mumewe, maana hilo haliko mikononi mwangu. Nakuahidi kwamba hatabeba mzigo wangu mpaka siku ya kujifungua. Nitasimama nje ya ua, niombe wamwingize ndani na kufunga mlango kama inavyostahili, kisha nitamweleza baba yake kila kitu tangu mwanzo, nikiwa nimesimama, kwa sauti ile niliyokuwa nikifundishia, ili asikie huko ndani aliko.

Mumeo,
Baba Lusajo