Nafasi ya Tatu kwenye Orodha ya Madereva

Baba yangu, shikamoo.

Mwalimu alitufundisha kuanza barua kwa kusema kwamba hofu ni juu ya yule tunayemwandikia. Kwako nimeiacha. Wewe umepumzika, na sisi hapa Utemini ni wazima. Mama amevuna mtama wa kutosha na mdogo wangu ameota meno mawili.

Ninakuandikia kwa sababu lile shauri lenu limekwisha.

Serikali ilipoziunganisha kampuni mbili za mabasi kuwa shirika moja, madereva wa kampuni kubwa walitaka wao wote wawatangulie ninyi wa kampuni ndogo kwenye orodha, hata aliyeshika usukani juzi. Aliye juu ndiye huchagua njia kwanza. Ndugu Mkumbo wa upande wao alikuwa akikucheka: "Nyie wa mabasi ya makopo, ngojeni zamu." Ulituambia hugombani kwa ajili yako. Ulimhofia rafiki yako, Mzee Njiku. Angewekwa mwisho angepewa njia ya Itigi, alale huko, na mkewe asiyeweza kutembea abaki peke yake Ilongero. Ukatutoka jambo likiwa bado.

Jumamosi moja tawi la chama cha wafanyakazi lilikutana. Katibu alimwomba Mama nikawaandikie orodha, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nilikaa karibu na mlango. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mzee Njiku alishika kofia yake tu. Ndipo dereva mmoja wa kampuni yenu akauliza: mvua ikiharibu barabara, nani huvuka matope kwanza? Wakacheka, maana kila dereva anajua. Huvuka aliyefika kwanza. Hakuna anayeuliza basi ni la kampuni gani.

Ndugu Mkumbo hakucheka. Akasema, "Masika yale makubwa marehemu alifika kabla yangu. Nikampita kwa nguvu, nikazama. Akanivuta kwa kamba yake, wala hakunitukana." Kisha akanigeukia. "Andika, binti. Hesabu tangu mwaka mtu alioanza kuendesha, kokote alikoanzia." Waliobaki wakanyoosha mikono, wengine polepole.

Nikaandika. Hapo nilikosea, Baba. Nilifuata miaka tu, nikakuweka nafasi ya tatu, kana kwamba Jumatatu ungekwenda kazini. Mtu mmoja akasema jina lifutwe. Nilishika kalamu, mkono ukakataa. Ndugu Mkumbo akasema, "Liache hapo. Mimi ni wa nne, sina haraka."

Jina lako lipo, Baba. Limebandikwa ukutani ofisini.

Mzee Njiku alikuwa wa tano, akachagua njia ya Ilongero. Mkewe ametuma salamu. Anasema siku hizi jioni, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, anasonga ugali wa watu wawili.

Katibu amesema kila mwaka itatakiwa orodha mpya. Ninakuahidi nitaiandika mimi, hata nikichaguliwa kwenda sekondari nitaiandika wakati wa likizo, na sitampandisha mtu kwa kumpenda wala kumshusha kwa kumwogopa.

Kwaheri, Baba. Pumzika bila wasiwasi.

Ni mimi binti yako,
Zaituni