Upekuzi wa Chumba cha Eda

Malindi, Jumapili

Ndugu yangu Habib,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Aaliya na mtoto. Sisi huku hatujambo. Mama presha ilimpanda, ila anakula. Simu zetu zote zimechukuliwa na polisi, ndiyo maana nakuandikia. Barua nampa dereva wa basi la Tanga aifikishe kwa wakwe zako.

Polisi walikuja Alhamisi asubuhi, tukichambua mchele. Mkubwa wao, Inspekta Mwaringa, alinipa hati ya upekuzi ya mahakama ya hapa Malindi, nikaisoma mwenyewe. Ilisema duka la sonara limevunjwa Tanga, mlinzi kapigwa nondo, na wewe unatafutwa. Shangazi Zakiya akamuuliza tangu lini hakimu wa Malindi anatumwa na Tanga. Mwaringa akajibu kwa upole kwamba hakutumwa. Serikali ya kule imeomba, ya huku imekubali, na hakimu ametosheka. Shangazi akamwambia basi avue viatu. Akavua.

Walipekua ukumbi, jiko, vyumba viwili, hata tangi la maji darini. Kikabaki chumba cha mama. Nilisimama mlangoni nikawaambia yumo edani, baba hajatimiza miezi miwili kaburini, na mwanamume wa kando haingii. Mwaringa ni Mgiriama, lakini amekulia mji huu, hakubishana. Alipiga simu Kilifi aletewe askari wa kike, akaweka watu mbele na nyuma ya nyumba, akangoja.

Hapo nikakumbuka furushi uliloliacha siku ya hitima, ukasema ni vitu vya harusi ya rafiki yako, vikae mvunguni mwa mama. Niliingia nikalifungua. Bangili, mikufu, pete, vyote bado vina vibandiko vya duka. Habib, ulijua chumba kile hakitaingiwa kwa miezi minne na siku kumi. Ulimlaza mama juu ya wizi.

Sasa nikueleze nililofanya mimi. Sikumwita Mwaringa. Nilimfunga shangazi furushi kiunoni, ndani ya buibui, atoke nalo kama mgeni aliyekuja kutoa pole. Askari wa kiume wasingethubutu kumpapasa. Fundo likakataa kukaza. Mama alikuwa ameketi kitandani akitutazama.

“Rudisheni hapa,” akasema.

Shangazi akamnong’oneza kwamba mwanawe atafungwa.

“Eda hii namkalia baba yake. Simkalii yeye.”

Koplo Damaris, yule askari wa kike wa Kilifi, alipoingia, furushi lilikuwa juu ya mkeka, mbele ya mama. Mama mwenyewe alimweleza nani alilileta, na siku gani. Kuhusu mimi na shangazi hakutamka neno. Mwaringa hajui, sasa wajua wewe.

Mlinzi yule jicho moja limekwenda. Mama anakutaka ujipeleke kituoni kabla hawajakufuata. Eda ikiisha, atakuja Tanga. Atakwenda kwanza kwa mlinzi, amtake radhi kwa malezi yake. Kisha atakuja kukutazama wewe, iwapo utakuwa umejisalimisha. Kama hukujisalimisha, amesema nisikufiche, atarudi Malindi bila kuuliza uliko.

Nisalimie Aaliya, na mtoto umbusu. Shangazi naye anakusalimu, ingawa nimemlazimisha.

Wasalaam,
dada yako,
Saleha