Baba, Neno Hili Halikatwi Kwenye Mshahara

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu mama amenilea hivyo, usije ukadhani nimelainika.

Baba mdogo Shabani amerudi jana kutoka huko kwako. Nilimtuma mimi, na nauli nilimpa mimi, akuambie kwamba Mungu akipenda naolewa Ijumaa ijayo hapa Mtunda, na kwamba anayetakiwa kuniozesha ni wewe. Aliporudi hakuniangalia usoni. Alivua kofia, akanywa maji, ndipo akasema: "Mwanangu, baba yako hakatai. Ila anataka mahari ipite kwake kwanza, afidie alichokatwa jeshini." Kisha akanipa bahasha yako. Ndani mlikuwa na salari slipu za miaka kumi, umezibana pamoja, na kila moja umeipigia mstari mwekundu pale palipoandikwa matunzo ya mtoto.

Miaka kumi, baba! Picha yangu huna hata moja, lakini makato yangu umeyatunza kama hati ya shamba.

Basi na mimi nina niliyoyatunza. Nilikuwa na miaka sita ulipokuja likizo ile ya mwisho. Ufuta ulikuwa umeshakatwa, mama ameusimamisha mafungu mafungu uwanjani ukauke, na wewe ukawa unanifundisha kwata katikati ya mafungu hayo, umevaa fulana na buti. Kushoto, kulia. Nikikosea mguu ulicheka mpaka ukakaa chini, nami nikawa nakosea makusudi ili ucheke tena. Nilikupenda. Naliandika hili waziwazi kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Asubuhi ya kuondoka ulinipanga mbele ya nyumba. "Mguu sawa! Nyuma geuka! Usigeuke mpaka nikuamuru." Nikageuka, nikautazama mfenesi, mikono ubavuni, kidevu juu. Nikasikia pikipiki inawaka, nikasikia inakwenda. Nilidhani nayo ni sehemu ya kwata. Jua lilikuwa limeshapanda mama alipokuja kunishika bega. "Njoo unywe uji, mwanangu. Keshaondoka." Nikamkatalia. Nikamwambia sijaamriwa.

Baada ya hapo ilikuja karatasi ya talaka, kisha hapakuja kitu kingine mwaka mzima. Mama akaanza safari za Kibiti, kwa afisa ustawi wa jamii, juu ya lori la mkaa, mimi mapajani. Akaambiwa alete cheti changu cha kuzaliwa, alete talaka, alete namba yako ya jeshi. Namba aliipata kwenye begi lako bovu ulilolisahau chini ya kitanda, imeandikwa kwa wino mweusi. Ndipo mahakama ikaamuru, karatasi ikaenda kambini kwako, na tangu mwezi ule sehemu yangu ikawa inatolewa kabla mshahara haujakufikia mkononi, inaingia benki kwa jina la mama.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichokijua ni simu. Mwisho wa mwezi mama na mimi tulikuwa tunapanda kwenye dungu la kulindia mpunga, maana chini mtandao haushiki, tunasubiri ujumbe wa hela uingie. Mama hasomi vizuri, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Mara ya kwanza nilimuuliza, "Nani katuma?" Akasema, "Baba yako."

Nikaamini kwamba wewe ndiye uliyeandika. Siku hiyohiyo, mama aliposhuka kufukuza ndege, nikakujibu kwenye namba ileile ya benki: *Shikamoo baba. Mimi Somoe. Nimekuwa wa tatu darasani. Kwata sijasahau.* Mwezi uliofuata nikakujibu tena, nikakueleza kwamba mafuriko yamechukua kuku wetu. Nilikuandikia hivyo miaka miwili. Ukikaa kimya nilikutetea mwenyewe, najiambia labda yuko lindoni, labda askari hawaruhusiwi kujibu. Nilikuwa naiandikia benki, baba, nikiwa na miaka tisa, na hakuna aliyenicheka kwa sababu hakuna aliyejua.

Nilipomaliza darasa la saba nilifungua sanduku la mama kutafuta cheti changu, nikakuta karatasi za mahakama. Maneno yako yamo humo, karani ameyaandika vizuri kwa mkono: "Huyo mtoto yuko shamba, anakula wali wa shamba. Hela zote hizo za nini?" Niliyasoma nimesimama. Kisha nikamwendea mama jikoni, nikamuuliza kwa nini alinidanganya kwamba unatuma. Aliendelea kuchochea moto. "Ningekwambia nini mie? Ukisoma ule ujumbe ulikuwa unacheka mpaka dungu linatikisika."

Siwezi kuzidharau hela zile. Zimeninunulia sare, zimenilaza hospitali nilipougua, na cherehani ninayoshonea nguo za watu leo imetokana nazo. Lakini wa kumshukuru ni mama aliyezifuata, na hakimu aliyemsikiliza. Wewe ulikatwa tu. Aliyenyolewa kwa nguvu hadai ujira wa kinyozi.

Hemedi, mchumba wangu, anauza mchele Ikwiriri na hapendi ugomvi. Aliposikia ulivyosema alinishauri, "Tumpe tu, Somoe, yaishe." Nimekataa mimi. Mahari ni yangu, dini imesema hivyo na wewe unajua. Lakini hata ingekuwa yako nisingekubali iende kulipia makato, kwa maana nikikubali nitakuwa nimekiri kwamba kulishwa kwangu utotoni ni mkopo, na kwamba nilikosea kuzaliwa bila kukuuliza.

Harusi haitasimama, hilo lisikupe kiburi. Shehe amenieleza kwamba baba akizuia bila sababu ya kisheria, kadhi ataozesha. Kila kitu kipo tayari. Sina haja nawe kwa lolote, isipokuwa hili moja ambalo nimelimeza wiki nzima na haliteremki: bado nataka uwe wewe.

Sitaki zawadi wala hela ya kumlipa kungwi. Nataka ukae mbele ya Hemedi, umshike mkono, useme umemuozesha binti yako Somoe. Ni maneno machache. Hakuna hakimu wa kukuamuru uyaseme, na hakuna karani wa kambini atakayeyatoa mwisho wa mwezi kabla hayajakufikia. Lazima yatoke kinywani mwako. Katika umri wangu wote, hili ndilo jambo la kwanza ninalokuomba mimi mwenyewe, na safari hii nimelipeleka kwako, si benki.

Salari slipu zako nakurudishia pamoja na barua hii. Moja nimeibakiza, ya mwezi ule wa kwanza niliokuandikia.

Ijumaa baada ya sala wanaume watakuwa barazani. Mimi nitakuwa chumbani na mama, nimefunikwa kanga, nimeupa mlango mgongo kama mwali anavyokalishwa. Unaujua mgongo huo, ndivyo ulivyouacha. Ukija, sema kwa sauti, nikusikie. Usipokuja, kadhi atasema, nami sitasubiri tena amri ya mtu. Nitageuka mwenyewe.

Wasalaam,

Mwanao,
Somoe