Bembea ya Katani na Mikono Niliyoikataa

Jumatano, Aprili. Mvua ya Kyela haibishi hodi na haiagi. Naandika haya katika duka la intaneti mjini, ng'ambo ya hospitali. Mke wangu yumo wodini pamoja na Atupele, mke wa mwanangu. Mimi siingii. Hakuna aliyenizuia ila mimi mwenyewe.

Nieleze kwa utaratibu.

Nilipostaafu ualimu, miguu yangu ilianza kuvimba, na tabibu akanishauri niwe nikiiinua mchana. Nikaamua kununua bembea ya kamba ya kulalia, niifunge kati ya nguzo mbili za baraza yangu kule Ndandalo. Mwenye duka, mzee ambaye asili yake ni pwani, alinitolea mbili.

“Chukua ya nailoni, Mwalimu. Haiozi hata ukizikwa nayo.”

“Sikuja kununua sanda, Shehe.”

“Haya, chukua katani. Lakini hiyo ina deko kama bibi harusi. Ikilowa, ianike kivulini penye upepo. Usiipeleke motoni.”

Nilichukua katani. Tangu biashara ilipofunguliwa milango, maduka yetu yamejaa nailoni kutoka nje, nami nilitaka walau kitu kimoja kilichoota katika ardhi yetu. Kilikuwa kiburi, nikakiita uzalendo.

Niliitunza. Kila jioni niliifungua, nikakagua vifundo, nikaiingiza ndani. Masika yalipoanza, ikawa haikauki. Upepo wenyewe ulikuwa umelowa. Basi nikafanya kama wafanyavyo wote huku kwa kitu wanachokithamini: nikaagiza iwekwe darini, juu ya moto wa jikoni, mahali tunapohifadhi mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu. Ilitoka humo kavu, ya rangi ya kahawia, yenye harufu nzuri ya moshi. Nikaisifu.

Kamba iliyokaushwa kwa moto haisemi kwamba imekufa ndani.

Jana mke wangu alikuwa Ngonga, akiamia ndege katika shamba la mpunga. Mwanangu yuko Malawi kwa biashara yake ya vitenge. Nyumbani tulibaki mimi na Atupele, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mtoto huyo angekuwa mjukuu wangu wa kwanza.

Asiyetoka kwetu ajue hili: kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hamgusi. Twaita ukutila, yaani kuogopa. Majirani wengi wamekwisha kulegeza. Mimi sikulegeza. Kwa miaka miwili Atupele amepita nyuma ya nyumba ili asikutane nami, na niliona fahari kwamba kwangu mila inafuatwa sawasawa.

Mchana, nikiwa nimelala bembeani, kamba zilikatika upande wa kichwani, zote pamoja. Nikaanguka chali, nyonga ikagonga ukingo wa baraza. Nikapiga ukelele.

Atupele alitoka jikoni mbio, khanga imemfunika uso, mikono yake yote miwili ameinyoosha mbele. Alikuwa amebakiza hatua chache anishike.

“Rudi!” nilimfokea. “Rudi nyuma! Kaite watu!”

Alitii. Alitii kama nilivyotaka watu wanitii maisha yangu yote.

Jirani wa karibu ni Mama Tusekile, na kwenda kwake lazima uvuke kijito juu ya gogo. Jana kijito kilikuwa kimejaa na gogo lilikuwa linateleza. Nilipolala pale sikulifikiria gogo. Nilifikiria heshima yangu.

Baadaye maumivu yalipungua. Nikashika nguzo, nikainuka mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama Mama Tusekile alipofika, amelowa mpaka kiunoni. Alinitazama kutoka juu mpaka chini. “Kumbe umesimama? Mtoto wa watu ameanguka gogoni, Mwalimu. Anatoka damu. Amekataa tumbebe mpaka mtu aje kukutazama wewe kwanza.”

Vijana walimpakia kwenye baiskeli hadi barabarani, wakapata gari.

Mtoto amezaliwa leo alfajiri. Hakulia.

Alikuwa wa kiume.

Mke wangu alitoka nje kitambo kidogo, akanikuta chini ya kibaraza cha hospitali.

“Anauliza kama umeumia,” alisema.

“Mwambie mimi mzima.”

“Mwambie mwenyewe. Mimi si posta.”

“Unajua siwezi.”

“Hata jana hukuweza.” Akarudi ndani bila kungoja jibu. Nikavuka barabara, nikaja kuketi hapa.

Daktari anasema damu imepungua sana mwilini mwa Atupele na siku mbili hizi ndizo zitakazoamua. Iwapo atatuacha, atakuwa amenisikia nikisema naye mara moja tu katika maisha yake, nami nilikuwa nafoka.

Nimefundisha watoto wa watu kwamba kanuni haina huruma, na kwamba hiyo ndiyo sifa yake. Niliamini hivyo hata juzi. Mila hii waliiweka wazee ili mke wa mwana awe salama katika nyumba ya ugenini. Je, mimi niliitumia kumlinda nani?

Saa ya kuwaona wagonjwa imefika. Nitaingia wodi ya wanawake. Nitasimama mahali atakaponiona na kusema, kwa kinywa changu, kwamba niliikataa mikono yake na nimekosa. Huenda akajifunika uso, huenda akageukia ukutani. Nitasema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, kisha nitaketi sakafuni kando ya kitanda chake mpaka wanitoe.