Ngano Niliyoiandika Katika Daftari la Habari

Kwa dada yangu Mwanahawa, Pangani.

Shikamoo dada. Mimi mdogo wako Salimu ni mzima wa roho, na mwili nao unarudi polepole. Nijulishe hali yako, na kifua cha mama, kama kikohozi kimempa nafasi ya kupumzika. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya pipa. Sababu utaiona mbele, ila ukimsomea mama, hapo paruke.

Huku Ugogo mvua imekataa. Upepo unavuma mchana kutwa, vumbi linaingia hata kwenye wino, na mwaka wa tatu huu nala ugali wa uwele na mlenda, nazi siioni. Lakini si hayo yaliyonichosha.

Bwana Mkubwa wa boma alitaka kuyajua maneno ya wenyeji. Akaniagiza mimi karani wake niandike ninayosikia katika madaftari mawili: moja la habari, yaani mambo yaliyotokea kweli, na moja la ngano. Nilicheka moyoni. Nikasema, kazi hii dada yangu angeifanya huku anakuna nazi.

Mwezi uliopita akaja Mama Chilewa, mtu mzima wa Bahi, auzaye chumvi ya mbugani. Akanisimulia juu ya kilima kilichofungua kinywa kikameza ng'ombe wa kijiji kizima ili adui wasiwapate, na mwanamke mmoja tu ndiye aliyejua wimbo wa kukifungua. Siku ile nilikuwa na homa. Niliandika upesi upesi, mwito wa mwanzo nikauacha, wimbo nikauacha, na daftari lililokuwa mbele yangu lilikuwa lile la habari.

Bwana Mkubwa akasoma: Bahi, kilima, ng'ombe wamefichwa. Hakuniuliza neno. Akapeleka askari, wakachimba kilima siku mbili, wakapata mawe. Wakarudi na Mama Chilewa amefungwa kamba mikononi, aseme ng'ombe wako wapi.

Nilimwona akipitishwa mbele ya dirisha langu. Hakunitukana, aliniangalia tu. Dada, ningenyamaza, asingejua mtu. Niliwaza hivyo, sikufichi. Kisha nikanawa uso, nikaenda.

"Bwana, kosa ni langu. Ile ni ngano."

"Umejuaje? Kilima kipo. Ng'ombe wapo."

"Habari ina wenyewe, bwana. Ukiuliza nani, utaambiwa fulani mwana wa fulani. Ukiuliza lini, utaambiwa mwaka wa nzige, au mwaka wa ndui. Mwanamke huyu wa kilimani hana jina, wala baba, wala mwaka."

"Hata mwongo huficha majina," akasema.

Neno hilo ni kweli. Nikamwomba jambo moja tu: mama yule asimulie tena, mbele ya watu wa barazani, tangu mwanzo, kama asimuliavyo kwao.

Akaletwa, mikono imevimba. Kisha akapiga mwito wao wa kufungulia ngano, kama sisi tusemavyo paukwa. Watu wote waliokuwa wakingoja mashauri yao wakaitika kwa sauti moja, hata askari Mgogo aliyeshika kamba. Alipofika kwenye wimbo, wanawake wakampokea kabla hajamaliza mstari. Yule askari naye akaimba, halafu akakumbuka alipo, akafumba mdomo.

Bwana Mkubwa akawatazama. "Wote wanaijua?"

"Wote, bwana. Siri haina waitikiaji."

Akaamuru mama afunguliwe. Mimi nikaamriwa nilale chini, kwa kuandika vibaya. Viboko hamsa ishirini, dada. Ndiyo maana kukaa siwezi.

Mama Chilewa hakuondoka mpaka walipomaliza. Akanipa donge la chumvi nioshee vidonda.

"Nisamehe, mama," nikamwambia.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini kwetu usije na kalamu."

Juzi wamekuja wanawake wengine wa Bahi. Nikawauliza kama wana ngano. Wakatazamana.

"Mvua hakuna," akasema mmoja.

"Mtama umekauka," akasema wa pili.

Wakajitwika mizigo yao wakaenda zao. Habari tupu, dada. Daftari la ngano sina tena cha kuandika ndani yake.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji mshona kofia, na mjomba mwadhini, aniombee nipewe ruhusa nirudi hata kwa mwezi mmoja. Na wanao, wakikukalia miguuni kudai ngano, usiwaambie umechoka. Wape.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja, niliye mbali,
Salimu