Kisiki Alichokikalia Mama Ndahani

Mume wangu Idrisa, mjukuu wangu,

Hapa Area D hatujambo. Goti la babu yako limetulia, na shangazi yako kajifungua salama. Umeniuliza kama uende kujitolea kupanda miti msituni, basi nisikilize kwanza.

Nikiwa binti, sisi vijana wa mjini tulikwenda milima ya Kibakwe kurudisha msitu uliokatwa, pamoja na wenyeji. Tuling'oa visiki tupate nafasi ya miche. Nilipofikia kimoja, mwenyeji wetu Mama Ndahani akakikalia.

"Hiki hakijafa, mwanangu. Kipunguzie machipukizi, ubakize mawili."

Nikacheka, nikamzunguka, nikapanda miche yangu pembeni.

Mwaka jana nilirudi. Miche yetu sikuiona hata mmoja. Kisiki cha Mama Ndahani kimekuwa mti mkubwa, na mjukuu wake, aliyeshasikia habari zetu, alikuwa kivulini.

"Shikamoo bibi. Ahsante kwa mti mliotupandia."

Nikaitikia, "Marahaba." Mpaka leo sielewi kwa nini sikumwambia ukweli, kwamba mti ule hatukuupanda sisi.

Nenda, mume wangu. Ila ukimkuta mtu kakalia kisiki, kaa naye kwanza.

Bibi yako,
Mwanaidi